Edward Abbey: Askari wa hifadhi aliyetaka magari yabaki getini

Katika majimbo ya Utah na Arizona, kusini-magharibi mwa Marekani, kuna safari ambayo familia nyingi za nchi hiyo hutamani kuifanya walau mara moja maishani. Hupakia hema, mablanketi, jiko la gesi na madumu ya maji ndani ya gari, kisha huzunguka wiki moja au mbili kutoka hifadhi moja ya jangwani hadi nyingine. Usiku hupiga kambi. Alfajiri, kabla jua halijawa kali, hutembea kwa miguu kati ya majabali mekundu.

Baadhi yao hubeba pia kitabu kimoja, na kitabu hicho kinawaambia jambo ambalo si rahisi kulisikia ukiwa umeshika usukani: waliache gari getini. Mwandishi wake ni Edward Abbey, aliyeishi kati ya mwaka 1927 na 1989. Aliwahi kuwa askari wa hifadhi katika jangwa hilo, akaishi huko peke yake kwenye trela, na maisha yake yote yaliyobaki aligombana na serikali, makampuni na hata wasomaji wake juu ya swali moja. Hifadhi ikifunguliwa kwa kila gari, kutabaki nini cha kutazama? Na ikifungwa, ni nani atakayeachwa nje?

Swali hilo bado halijafungwa, na ndiyo maana Abbey anaendelea kusomwa.

Kijana wa shamba aomba lifti kwenda magharibi

Abbey alizaliwa tarehe 29 Januari 1927 katika mji wa Indiana, jimbo la Pennsylvania, mashariki mwa Marekani. Mji huo usichanganywe na jimbo lenye jina hilohilo. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watano. Baba yake, Paul, alikuwa mtu wa kazi za mikono: alilima, alikata magogo, alifanya lolote lililoleta chakula nyumbani. Alikuwa pia mjamaa asiyeficha msimamo wake, katika nchi ambayo jambo hilo halikumpatia mtu marafiki wengi. Mama yake, Mildred, alikuwa mwalimu na alipiga kinanda kanisani.

Familia ilipita kwenye mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930 kwa shida kama familia nyingi za vijijini wakati huo. Mtoto alikua akijua misitu na vilima vya kijani. Jangwa hakuwahi kuliona.

Mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 17 na akijua kwamba jeshi lingemwita muda si mrefu, alitoka nyumbani akaenda kuona nchi yake. Hakuwa na gari. Alisimama kando ya barabara akaomba lifti, na palipokosekana lifti alidandia mabehewa ya gari moshi la mizigo. Kwa njia hiyo alivuka Marekani hadi pwani ya Pasifiki.

Wakati wa kurudi alipitia kusini, na hapo ndipo alipouona Mto Colorado na jangwa linaloanzia kingo zake. Ardhi isiyo na majani, milima iliyo wazi kama mifupa, na umbali usio na mwisho. Katika mji wa Flagstaff, Arizona, polisi walimkamata kwa uzururaji na akalala mahabusu. Hata hivyo, alirudi Pennsylvania akiwa ameamua kwamba maisha yake yako huko kwenye ukame.

Mwaka 1945 jeshi lilimwita. Alipelekwa Italia, akawa polisi wa jeshi, kazi iliyomwongezea chuki dhidi ya amri na vyeo. Aliporudi mwaka 1947 alitumia mpango wa serikali uliowalipia karo askari wa zamani, akajiunga na Chuo Kikuu cha New Mexico katika mji wa Albuquerque. Alisoma falsafa. Tasnifu yake ya shahada ya uzamili ilichunguza kama inaweza kuwa halali kimaadili kutumia nguvu dhidi ya dola. Serikali nayo ilikuwa inamtazama: idara ya upelelezi, FBI, ilikuwa imemfungulia faili tangu mwaka 1947, kwa sababu ya barua aliyoibandika chuoni akiwataka vijana wazikatae kadi za kuandikishwa jeshini.

Trela kati ya matao ya mawe

Tarehe 1 Aprili 1956 Abbey alianza kazi ya msimu kama askari wa hifadhi katika eneo liitwalo Arches, karibu na mji wa Moab, Utah. Jina hilo lina maana ya matao, na linaeleza kilichopo. Kuna matao ya asili ya mawe zaidi ya 2,000, mengine madogo kama dirisha, mengine makubwa kiasi kwamba nyumba ya ghorofa ingepita chini yake.

Matao hayo yalichongwa na maji. Chini ya jangwa hilo kuna tabaka nene la chumvi la zamani sana. Chumvi hiyo ilipojikunja na kuyeyuka, mwamba wa mchanga uliokuwa juu yake ulipasuka ukawa kama safu za kuta. Maji ya mvua na theluji huingia kwenye nyufa, huganda usiku na kutanuka, na hubandua jiwe kidogo kidogo. Mwishowe ukuta hutoboka, na tundu likiendelea kupanuka huwa tao. Siku moja tao hilo nalo litaanguka.

Wakati huo Arches haikuwa bado hifadhi ya taifa kamili. Ilikuwa imelindwa kwa tangazo la rais tangu mwaka 1929, na ilipandishwa hadhi na bunge mwaka 1971. Barabara ya kuingia ilikuwa ya vumbi, na mvua kubwa ikinyesha haikupitika. Mji wa Moab wenyewe ulikuwa umefurika watafuta madini ya urani, lakini ndani ya hifadhi wageni walikuwa wachache, na siku nyingi askari aliyekuwa ndani zaidi hakumwona mtu.

Askari huyo alikuwa Abbey. Alipewa trela ndogo ya bati karibu na jiwe kubwa lililokaa juu ya nguzo ya mwamba kama mtungi kichwani. Kazi yake haikuwa na fahari: kusafisha vyoo, kuokota takataka, kupeleka kuni kwenye kambi za wageni, kujibu maswali yaleyale, na mara chache kumtafuta aliyepotea. Hapa inafaa kukumbuka kwamba hifadhi hizi hazina tembo wala nyati. Mgeni anaruhusiwa kushuka garini, kutembea na kulala nje bila kusindikizwa na askari mwenye bunduki. Kinachoua huko ni jua, kiu na kuanguka.

Kiangazi kilipofika trela iligeuka kuwa tanuri. Abbey alijenga kibanda cha kivuli cha nguzo na matawi, akatoa kitanda nje, akalala chini ya nyota. Chini ya ngazi za trela kulikuwa na nyoka wenye sumu wanaotikisa mkia kwa mlio kama njuga. Badala ya kuwaua, alimkamata nyoka wa aina nyingine asiye na sumu na kumweka humo, kwa kuwa nyoka huyo hula panya na inasemekana huwafukuza wale wenye sumu. Kwa siku kadhaa alitembea naye akiwa amejizungusha kiunoni, ndani ya shati.

Kila jioni aliandika kwenye daftari. Wakati huo alikuwa amekwisha kuchapisha riwaya mbili, na moja ilikuja kutengenezwa filamu mwaka 1962, lakini hakuna iliyomtajirisha. Madaftari ya trela ndiyo yaliyokuja kumpa jina.

Vigingi vya wapima barabara

Mwaka huohuo wa 1956 serikali ya Marekani ilianza mpango mkubwa wa kuboresha hifadhi zake. Vita vilikuwa vimekwisha, watu walikuwa na fedha na magari, na hifadhi zilikuwa na barabara mbovu, vyoo vichache na sehemu haba za kulala. Mpango huo wa miaka 10 ulilenga kukamilika mwaka 1966, wakati idara ya hifadhi ingetimiza miaka 50. Ulijenga barabara za lami, maegesho na vituo vya wageni nchi nzima.

Abbey anasimulia katika kitabu chake kwamba jioni moja gari la wapima barabara lilitokea mahali ambapo magari hayakupaswa kupita. Watu hao walikuwa wametoka kupanga njia ya lami. Walikuwa wachovu na wenye kiu, akawapa maji, wakazungumza kwa adabu, wakaondoka. Mbalamwezi ilipotoka alifuata mstari wao kwa miguu, akang'oa kila kigingi na kukitupa.

Alijua kwamba halingesaidia kitu. Barabara ya lami ilifunguliwa mwaka 1958.

Hasira yake haikuwa juu ya lami peke yake. Hoja aliyoijenga baadaye ilikuwa hivi: mtu anayezunguka hifadhi nzima ndani ya gari, akisimama dakika 10 kila penye kibao ili apige picha, hajaiona. Ameona kioo cha gari. Anafika jioni akiwa amechoka kuliko alivyoondoka, amekula vumbi na moshi wa magari mengine, na hana alichokigusa. Kwa maoni ya Abbey, kilometa moja kwa miguu ilimpa mtu zaidi ya kilometa 100 kwa gari, kwa sababu anayetembea husikia, hunusa, huchoka, huogopa kidogo, na hukumbuka.

Alipendekeza mambo matatu. La kwanza, magari ya watu binafsi yasiingie ndani ya hifadhi. Wageni waache magari getini, kisha watembee, wapande baiskeli, farasi au nyumbu, na mizigo na wale wasiojiweza wachukuliwe kwa mabasi. La pili, barabara mpya zisijengwe tena. La tatu, askari wa hifadhi watoke kwenye meza na vibanda vya tiketi, wakawaongoze wageni njiani na kuwafundisha.

Wakati huo watu wengi waliliona pendekezo hilo kama mzaha.

Jangwa linavyoua

Abbey hakuandika kama mtu anayeona jangwa ni bustani. Anaeleza siku ambayo askari waliitwa kumtafuta mtalii wa makamo aliyekuwa hajaonekana kwa siku mbili, karibu na ukingo wa korongo refu. Walimkuta amekufa chini ya mti mdogo, mahali palipokuwa na mandhari ya kuvutia kuliko sehemu zote. Walimbeba kwenye machela katika joto kali, wakipishana mikono, wakitaniana ili waweze kustahimili kazi hiyo. Kisha Abbey anakaa na kumfikiria mtu huyo, na kukiri kwamba pangekuwa mahali pazuri pa kumalizia safari.

Yeye mwenyewe alinusurika kwa bahati. Akiwa bado mwanafunzi alikaa wiki kadhaa peke yake katika korongo la Havasu, tawi la lile korongo kuu la Mto Colorado. Siku moja alijaribu njia ya mkato, akateleza kwenye mwamba mlaini hadi kwenye dimbwi, akateleza tena hadi ukingo wa pili, akajikuta mbele ya shimo refu asiloweza kuruka na nyuma ya ukuta asioweza kupanda. Hakuna aliyejua yuko wapi. Alilia, kisha akajaribu kupanda kwa kutumia fimbo yake ya kutembelea kama kigingi cha kukanyagia. Alitoka, akatambaa kwenye pango dogo, na usiku huo alilala humo kwenye mvua akiwa na furaha isiyo na kifani.

Mambo aliyojifunza kwa njia hiyo yanalingana na yale ambayo idara ya hifadhi inawaambia wageni hadi leo. Katika joto la kiangazi, mtu anayetembea anahitaji angalau lita 4 za maji kwa siku. Atembee alfajiri na jioni, apumzike kivulini mchana. Asiingie kwenye korongo jembamba mawingu yanapojikusanya, hata kama mvua inanyesha mbali, kwa sababu mwamba haunywi maji na mafuriko hufika ghafla bila tone moja kuanguka mahali alipo. Na amwambie mtu anakokwenda na siku atakayorudi.

Korongo lililozamishwa

Mwezi Juni 1959 Abbey na rafiki yake Ralph Newcomb walishuka Mto Colorado kwa maboti madogo ya mpira, bila injini. Walipita Glen Canyon, korongo lenye kuta ndefu za mwamba, mapango yenye chemchemi, miti ya kivuli, na michoro na nyumba zilizoachwa na wenyeji wa kale karne nyingi kabla ya Wazungu. Maji yalikuwa ya polepole. Mtu asiye na fedha wala ujuzi mwingi aliweza kuyashuka.

Njiani walitia nanga, na Abbey akatembea hadi Rainbow Bridge, daraja la asili la jiwe lililo kwenye korongo la pembeni. Ilikuwa njia ya jua kali na mawe ya moto. Waliofika hapo miaka hiyo walikuwa wameipata kwa jasho.

Wote wawili walijua kwamba wanaaga. Bwawa la Glen Canyon lilikuwa limeanza kujengwa mwaka 1956. Lina urefu wa mita 216 kwenda juu, na milango yake ilifungwa mwaka 1963. Maji yalipanda mwaka hadi mwaka na kuunda ziwa lililopewa jina la Powell, ambalo lilijaa mwaka 1980. Bwawa linazalisha umeme kwa majimbo kadhaa, na linasaidia kugawana maji ya mto ambao mamilioni ya watu na mashamba makubwa yanautegemea. Kwa watetezi wake hizo ni faida zisizopingika. Ziwa lenyewe likawa mahali pa maboti ya starehe, na sasa mgeni huweza kwenda kwa boti hadi karibu na Rainbow Bridge.

Kwa Abbey huo ulikuwa msiba. Kilichopotea, alisema maisha yake yote, hakikuwa mandhari tu. Ni kwamba mahali palipokuwa pa yeyote mwenye miguu na subira pamegeuka kuwa pa mwenye boti na petroli.

Kitabu, na wasomaji wasiotarajiwa

Miaka iliyofuata alibeba riziki kama alivyoweza. Alifanya kazi ya ustawi wa jamii karibu na jiji la New York, alikaa kwenye minara ya kulinda moto wa misitu, aliendesha basi la watoto wa shule katika eneo la Death Valley, jangwa lenye joto kali kuliko yote Marekani. Mwaka 1968 madaftari ya Arches yalitoka kama kitabu, Desert Solitaire, jina lenye maana ya upweke wa jangwani. Aliikunja misimu yake kadhaa ya kazi ikawa kama msimu mmoja.

Mwanzoni kitabu hakikuuzwa sana. Toleo la bei nafuu lilipotoka, vijana walilipokea, na likaendelea kuchapishwa hadi leo. Hapo ndipo Abbey alipokutana na matokeo ambayo hakuyataka. Watu waliosoma kuhusu mahali pasipo na watu walitaka kupaona. Wakaja, wengi wao kwa magari, wakiwa na kitabu chake kwenye kiti cha mbele. Katika utangulizi alikuwa amewaonya kwamba mengi aliyoyaeleza yalikwisha kupotea au yalikuwa njiani kupotea. Onyo hilo halikumzuia mtu.

Mwaka 1975 alitoa riwaya, The Monkey Wrench Gang, kuhusu watu wanne wanaoharibu matingatinga na madaraja jangwani, wakiota kulipasua bwawa la Glen Canyon. Ni kitabu cha vichekesho, lakini kiliwapa nguvu wanaharakati halisi, na baadhi yao walivuka mpaka wa sheria kwa hujuma dhidi ya mitambo. Wakosoaji walisema Abbey anachezea moto, kwa kuwa mashine ikiharibiwa anaweza kuumia mfanyakazi asiye na hatia. Yeye alijibu kwamba kuharibu mashine na kumdhuru binadamu ni mambo mawili tofauti.

Mwezi Machi 1981 wanaharakati walikunjua kitambaa cheusi cha plastiki chenye urefu wa takriban mita 90 kwenye uso wa bwawa hilo. Kwa mbali kilionekana kama ufa. Abbey alikuwapo, akahutubia mkusanyiko. Ukuta haukutikisika.

Mtu mwenye nyufa zake

Wanaompenda Abbey wakati mwingine husahau upande wake mwingine, na yeye mwenyewe alisaidia kuuficha. Katika Desert Solitaire yuko peke yake. Ukweli ni kwamba alikuwa na mke na mtoto mchanga, na katika msimu wa pili walikaa naye kwa muda kwenye trela. Kitabuni hawamo. Alioa mara tano, alizaa watoto watano, na ndoa nyingi zilivunjika kwa sababu ya ulevi, wanawake wengine na safari zake. Mke wake wa tatu alifariki kwa saratani ya damu mwaka 1970, akiacha binti mdogo, na Abbey alibeba majuto hayo kwa miaka mingi.

Mtu aliyeyapinga magari aliyapenda pia. Aliendesha pikapu kuukuu na magari makubwa yanayokunywa mafuta, na alijisifu kwamba hutupa makopo ya bia barabarani, akidai barabara yenyewe ndiyo uchafu. Alihubiri kwamba watu wamezidi duniani huku akiwa na watoto watano. Katika miaka ya 1980 aliandika dhidi ya wahamiaji kutoka Mexico na nchi za kusini kwa maneno yaliyowaumiza wengi, na hata marafiki zake walimpinga hadharani. Aliwaandika wenyeji asilia wa jangwa hilo pengine kwa heshima, pengine kwa dharau.

Tena kuna pingamizi kubwa dhidi ya hoja yake kuu. Kutembea siku tatu jangwani kunahitaji afya, muda na likizo. Mfanyakazi mwenye siku mbili za mapumziko, mama mwenye watoto wadogo, mzee wa miaka 80, mtu anayetumia kiti cha magurudumu: kwa hao barabara ndiyo iliyowafungulia hifadhi iliyolipiwa kwa kodi yao pia. Abbey alisema wapande basi, lakini aliongeza maneno makali kuhusu wavivu, na wengi walisikia maneno hayo kuliko jibu lenyewe.

Hata hivyo, hakuwa mtu wa kuhubiri asichokifanya kwa miguu yake. Katika umri wa makamo alivuka peke yake jangwa la Cabeza Prieta, kusini mwa Arizona karibu na mpaka wa Mexico, zaidi ya kilometa 150. Hakuna mto huko. Alitegemea maji ya mvua yaliyojikusanya kwenye mashimo ya mwamba, akihesabu kila siku kama shimo linalofuata litakuwa na maji au mchanga mtupu.

Kaburi lisilo na njia

Mwaka 1982 madaktari walimwambia ana saratani na miezi michache ya kuishi. Walikosea. Lakini mishipa ya umio ilikuwa imeharibika na ilivuja damu mara kwa mara. Alimaliza vitabu vingine, akalea watoto wake wawili wa mwisho katika mji wa Tucson, Arizona, na tarehe 14 Machi 1989 alifariki nyumbani akiwa na miaka 62.

Alikuwa ameacha maagizo. Hakutaka jeneza wala dawa za kuhifadhi maiti, na hakujali sheria ya jimbo kuhusu mazishi. Marafiki na jamaa wachache, wakiwemo Doug Peacock na Jack Loeffler, walimfunga kwenye mfuko wake wa kulalia, wakamlaza nyuma ya pikapu, wakaendesha hadi ndani ya jangwa. Walichimba kwa mikono na majembe, wakamzika, wakarundika mawe juu ili wanyama wasimfukue, na kuweka jiwe lenye jina lake. Hawakusema ni wapi. Hadi leo hakuna kibao wala barabara inayofika hapo, na anayetaka kulitafuta kaburi hilo lazima atembee.

Miezi miwili baadaye mamia ya watu walikusanyika nje ya Moab kumkumbuka. Karibu wote walifika kwa magari.

Mabasi ya Zion

Mwaka 2000 Hifadhi ya Taifa ya Zion, Utah, ilifanya jambo ambalo mwaka 1968 lilichekwa. Foleni za magari zilikuwa zimelijaza korongo lake kuu, maegesho hayakutosha, na wageni waligombania nafasi. Basi wasimamizi walifunga barabara ya korongo kwa magari binafsi kwa sehemu kubwa ya mwaka na kuleta mabasi. Mgeni huacha gari, hupanda basi, hushuka kituo anachotaka, na kutoka hapo hutembea. Mzee hukaa kitini na huona yaleyale. Moshi na honi vilipungua mara moja.

Arches, alikokaa Abbey, haikuwa na mabasi. Mwaka 2021 ilipokea wageni zaidi ya 1,800,000, na siku nyingi geti lilifungwa asubuhi kwa sababu ndani kulikuwa kumejaa. Mwaka 2022 hifadhi ilianza kuwataka wageni waweke nafasi mapema kwa saa maalumu katika miezi ya msongamano. Wengine walilalamika kwamba safari ya ghafla haiwezekani tena. Wafanyabiashara wa mji walihofia kipato.

Na Glen Canyon? Ukame wa muda mrefu uliouanza karne hii umelishusha ziwa Powell. Mwanzoni mwa mwaka 2023 lilikuwa limebakiwa na chini ya robo ya maji yake. Kuta zilizozama tangu miaka ya 1960 zilionekana tena, zikiwa na alama nyeupe ya madini iliyoachwa na maji, na katika makorongo ya pembeni miti ilianza kuota kwenye matope. Kwa wakulima na miji inayoutegemea mto huo, hiyo ni habari ya kutisha. Lakini watu kadhaa walibeba maji yao mgongoni na kwenda kuingia kwa miguu mahali ambapo Abbey alipita kwa boti la mpira mwaka 1959.